Naomba ushauri: insulini ya mzee na huu umeme wa kukatika, niko Mtwara

Habari za humu wakuu. Jirani zetu huku Mikindani ni wamisionari wa Kimarekani, babu na bibi, wote wamevuka sabini, watoto wao na wajukuu wamebaki kwao. Ni watu wa watu kweli, asubuhi bibi yuko na kina mama wa kanisani, jioni babu anatembelea wagonjwa kwa miguu, na Kiswahili wanakiongea, bibi hadi ming'oko (vile viazi pori vya huku kusini) anachemsha mwenyewe.

Sasa babu ana kisukari, anachoma insulini. Ile ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae nyuzi 2 mpaka 8 na isigande, sasa umeme ukikatika usiku kucha na hili joto la msimu wa korosho friji inakuwa kama kabati tu, bibi anaamka kila saa kuigusa chupa jamani inaniuma sana. Mama yangu anasema tutumie mtungi wa udongo wenye mchanga mbichi, najua unapoza lakini nyuzi 8 haufiki, labda kwa ile anayoitumia sasa.

Naomba aliyewahi kuhifadhi insulini bila umeme wa uhakika anieleze, friji ndogo ya sola inafaa au inveta na betri? Fundi mwaminifu Mtwara mjini yupo? Na ming'oko kwa mwenye sukari ale kiasi gani, maana babu anaipenda mno na bibi hana moyo wa kumnyima.

Daktari wao wataonana naye ila hili la umeme haliwezi kusubiri.