Tupeane uzoefu: mema tuliyoyapata baada ya kupunguzwa kazini

Mleta mada, Mtwara Mjini

Ndugu zangu wa Kusini, naomba tupeane uzoefu kwa wale tuliowahi kupunguzwa kazini, na hasa juu ya upande usiosemwa sana, yaani mema ambayo mtu aliyapata kwa sababu alipunguzwa na ambayo asingeyapata kama angebaki. Siombi mtu aite msiba harusi. Siku niliyopewa barua yangu nilikaa ufukweni Shangani hadi adhana ya magharibi, kwa kuwa sikujua nitaanzaje kumweleza mama watoto.

Nilikuwa mtunza ghala wa kampuni iliyohudumia kazi za utafutaji wa gesi. Bei ya mafuta duniani ilipoanza kuporomoka katikati ya mwaka 2014, shughuli za baharini zilipungua, na mwaka uliofuata zamu yetu ikafika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kiwango cha chini cha kiinua mgongo kuwa mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, nami nilikuwa nimetimiza miaka minne, hivyo hesabu yangu ilikuwa siku 28. Pamoja na malipo ya notisi na likizo ambayo sikuwa nimeichukua, fedha ile ilitutosha miezi mitatu kwa kujibana.

Jema la kwanza nililiona katika barua yenyewe. Mtunza ghala akiondoka kazini ghafla, watu huuliza kwanza ni kitu gani kilichopotea. Barua yangu ilieleza wazi kwamba nafasi imeondolewa kwa sababu kazi zimepungua, na kila nilikokwenda kuomba kibarua niliitanguliza barua hiyo pamoja na cheti cha utumishi, na swali lile halikuulizwa hata mara moja.

Jema la pili ni mikorosho. Marehemu baba alituachia shamba upande wa Nanyamba, na miaka yote ya ajira nilikuwa nikililima kwa simu: natuma fedha ya salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, mdogo wangu ananijibu kwamba kazi imefanyika, kisha mavuno yanakuja haba. Mwaka ule, kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi, nilikuwapo shambani wakati majani machanga yanachipua na maua yanajitokeza. Niliuona ugonjwa wa ubwiriunga ukianza kama vumbi jeupe juu ya maua, na nikaelewa kwamba salfa inatakiwa ipulizwe mapema, alfajiri kukiwa na utulivu, kabla upepo haujaanza kuvuma, ilhali fedha zangu zilikuwa zikifika mwisho wa mwezi, baada ya mshahara, maua yakiwa yamekwisha kuungua. Mdogo wangu hakuwa akiniibia. Nilikuwa nimemdhania vibaya kwa miaka minne, nikamwomba radhi palepale chini ya mkorosho, na tangu siku hiyo tunalima pamoja.

Baadaye chama chetu cha msingi cha ushirika kilihitaji mtu wa kusimamia mizani na daftari la mapokezi, kwani katika mfumo wa stakabadhi ghalani, ambamo korosho hupokelewa ghalani kwa risiti na kuuzwa mnadani, kilo isiyoandikwa vizuri ni ugomvi wa msimu mzima. Kazi niliyojifunza kwenye ghala la vipuri nikaihamishia kwenye magunia ya korosho, na kila msimu unapofunguliwa naitwa. Nawakaribisha wengine.

Mchangiaji, Lindi

Kaka, asante kwa kuanzisha jambo hili. Mimi nilikuwa karani wa mapokezi katika hoteli moja Dar es Salaam, na mwaka 2020, wageni walipokoma kuja kwa sababu ya ugonjwa wa korona, tulipunguzwa zaidi ya nusu. Nilikuwa nimechangia mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF kwa miaka kadhaa, kwa hiyo niliomba fao la upotevu wa ajira, ambalo hulipwa karibu theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita kwa mwanachama aliyechangia angalau miezi 18. Nawaomba wanaopunguzwa sasa walifuatilie, maana nimekutana na wenzangu ambao hawakujua kabisa kwamba lipo.

Fedha hiyo isingetosha kodi ya Dar es Salaam. Nyumbani Lindi, ambako nyumba ni ya mama na samaki tunawafuata ufukweni wenyewe, ilitosha. Jema langu ni hilo la kurudi. Mama alikuwa ameanza kuugua mwaka mmoja kabla, akitunzwa na jirani, nami nilikuwa nikimwona siku nne wakati wa sikukuu na kuondoka. Nilimuuguza miezi mitano, nikampikia, nikamwogesha, na jioni alinisimulia mambo ya ujana wake ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Alifariki mikononi mwangu. Nilipata kazi nyingine mwaka uliofuata, na mshahara wake ni mdogo kuliko ule wa hotelini, lakini kila nikikumbuka kwamba ningeweza kupokea habari ile kwa simu nikiwa nimesimama pale mapokezi, namshukuru Mungu kwa barua ile.

Mchangiaji, Masasi

Vijana wangu, mimi nilikuwa fundi mitambo kiwandani Morogoro kwa miaka 17. Kiinua mgongo cha kisheria huhesabiwa kwa miaka isiyozidi 10, kwa hiyo nilipata siku 70 tu, na hilo liliniuma sana. Hata hivyo sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 38, inamtaka mwajiri atoe taarifa mapema na kushauriana na wafanyakazi juu ya sababu, namna ya kuchagua watakaoondoka na malipo yao. Wenzangu walikiona kikao kile kama mazishi, wakakaa kimya. Mimi niliuliza kama kiwanda kitakubali kuniuzia mashine mbili chakavu za kuchomelea na seti ya spana, wakikata bei yake kwenye malipo yangu, nao wakakubali kwa sababu vifaa vile vilikuwa vikiwajazia stoo.

Kwa kuwa niliajiriwa nikiwa Masasi, walitakiwa pia kugharamia safari yangu na mizigo yangu hadi hapa, na vifaa vikaja humo humo pamoja na vitanda vya watoto. Leo natengeneza mashine za kupulizia salfa. Kuanzia mwezi wa tano wakulima hupanga foleni, kwani mashine iliyolala tangu msimu uliopita haiwaki kirahisi, na shamba lenye maua halisubiri. Nimefundisha vijana watatu, na wawili wameshafungua karakana zao.

Anayeona utaratibu haukufuatwa asikae nyumbani akinung'unika: malalamiko ya kuachishwa isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na siku hizo huisha haraka kwa mtu mwenye majonzi.

Mchangiaji, Newala

Kwangu ni jambo moja tu: nililipa deni lote la kikundi kwa malipo ya mwisho, na tangu hapo sijakopa kwa ajili ya chakula.

Mchangiaji, Kilwa Masoko

Nawaheshimu wakubwa zangu, ila mimi nilipunguzwa nikiwa na miezi minane kazini. Kiinua mgongo hakipo kwa asiyetimiza miezi 12, NSSF sikuwa nimefikisha, na shamba la urithi sina, kwa sababu wazazi wangu walikuja hapa kama wapangaji. Nimesoma yote mliyoandika nikitafuta jema linalonihusu na sijaliona. Ninaona kwamba kila mmoja wenu alikuwa na mahali pa kurudi.

Mleta mada, Mtwara Mjini

Mdogo wangu wa Kilwa, umesema kweli, na ningeitanguliza kweli hiyo tangu mwanzo kama ningeifikiria. Bila mikorosho ya baba, miezi ile mitatu ingeniisha nikiwa palepale ufukweni Shangani. Sitakutafutia jema mahali ambapo hulioni. Chama chetu huongeza makarani wa mizani kabla ya minada ya Oktoba, na anayejua kuandika namba zinazosomeka hufundishwa mengine kwa wiki moja. Niandikie faraghani ueleze ulikuwa ukifanya kazi gani kwa miezi ile minane. Mzee wetu wa Masasi, nakuomba nawe useme hapa kama karakana bado ina nafasi ya kijana wa nne.

Mchangiaji, Masasi

Nafasi ipo. Aje na ovaroli, malazi nitampa.