Kiwavi hujuaje kwamba safari hii awe pupa?

Swali
Ninafundisha Baiolojia sekondari, na mwanafunzi ameniuliza jambo ambalo kitabu chetu hakilielezi. Ikiwa ekdisoni ndiyo homoni inayomfanya mdudu ajivue gamba, kwa nini kiwavi hujivua mara kadhaa akabaki kiwavi yule yule, kisha mara moja tu akageuka pupa, yaani hatua ya kutulia kabla ya kuwa kipepeo au nondo? Je, ekdisoni ya mwisho ni ya namna nyingine?

Jibu la 1
Mwalimu, ekdisoni ni ile ile. Ubongo huamuru, tezi za kifuani zikaimwaga, na gamba jipya likaanza kuundwa. Lakini litakuwa gamba la kiwavi au la pupa, hilo huamuliwa na homoni ya utoto, itokayo katika tezi mbili ndogo zilizo nyuma ya ubongo. Maadamu ipo kwa wingi, kiwavi hubaki kiwavi. Katika miaka ya 1930, huko Uingereza, mtaalamu wa wadudu Wigglesworth alichukua tezi hizo kutoka kwa tunutu mdogo (tunutu ni mtoto wa mdudu asiyepitia hatua ya pupa) akampandikizia tunutu wa hatua ya 5, wa aina ya mdudu mnyonya damu wa Amerika Kusini. Badala ya kupevuka, akawa tunutu jitu wa hatua ya 6, hatua ambayo mdudu huyo hana kabisa katika maumbile yake.

Jibu la 2
Niongeze kisa ninachokipenda. Katika miaka ya 1960 mtafiti wa wadudu Karel Sláma alipeleka wadudu wake kutoka Prague hadi Chuo Kikuu cha Harvard, nao wakakataa kupevuka. Chanzo kilikuwa karatasi zilizotandikwa humo vyomboni: mti uliotumika kuzitengeneza una kemikali inayoiga homoni ya utoto.

Muuliza swali
Ahsanteni sana. Basi kemikali ya namna hiyo ingetufaa dhidi ya viwavijeshi katika mahindi?

Jibu la 3
Hapo ningesita, Mwalimu. Methopreni na pairiproksifeni, zinazoiga homoni ya utoto, hufaa kwa mbu kwa sababu kiluwiluwi hamwumi mtu, na wengi hufa wakiwa pupa kabla ya kuota mabawa. Kiwavijeshi, kinyume chake, hula mahindi akiwa angali mtoto, hivyo kumrefushia utoto ni kumwongezea siku za kula. Kwa viwavi wa nondo hutumika dawa zinazoiga ekdisoni, kama tebufenozidi: kiwavi huacha kula, huanza kujivua kabla ya wakati wake, na hufa akiwa amenaswa ndani ya gamba lake la zamani.