Duka limevunjwa Kondele, bima wananitolea picha ya zamani

Wakuu, naomba ushauri. Nina duka la simu na vifaa vya umeme hapa Kondele, Kisumu. Siku ya maandamano walivunja mlango wakabeba karibu kila kitu, hata feni mbovu. Kesho yake niliripoti polisi, namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) ninayo, risiti za mzigo pia.

Sasa kampuni ya bima inanionyesha picha iliyosambaa WhatsApp: duka langu zima, rafu zimejaa, chini imeandikwa "Kondele hakuna kilichoibwa". Picha ni ya kitambo! Bango linaloonekana hapo nililing'oa Machi nikipaka rangi, na fundi yupo. Ati nithibitishe.

Kinachoninyima usingizi zaidi ni hiki: nililipia bima ya moto na wizi. Ajenti aliniambia fujo zimo humo. Leo nasikia ghasia za kisiasa hulipiwa nyongeza yake. Mkataba ni Kiingereza cha mawakili, kurasa kibao.

Wananitaka nisaini fomu nipokee kidogo tumalizane. Nikisaini, bado naweza kulalamika kwa Mamlaka ya Bima, IRA? Au nianze na wakili? Aliyepitia haya anisaidie, mwenye nyumba anadai kodi.