Mjadala: Ni nani mwenye haki ya kuwasemea binadamu wote mbele ya viumbe wa nyota za mbali?

Hoja ninayoileta ni hii: je, yafaa watu wachache wenye mtambo wa redio wenye nguvu kupeleka ujumbe kwenye nyota za mbali kwa niaba ya wakazi wote wa dunia, bila ya wakazi hao kuulizwa? Msimamo wangu ni kwamba haifai, nami nitaeleza sababu zangu ili wenye rai tofauti wazipinge.

Mimi ni mwanafunzi mchanga wa elimu ya falaki. Ninajifunzia hapa Mombasa, ambako taa za mji hufifisha nyota nyingi, lakini mahali petu pana neema waliyoikosa walio kaskazini ya mbali, kwa kuwa tuko takriban nyuzi nne tu kusini mwa ikweta na hivyo karibu anga yote hutupitia katika mzunguko wa mwaka. Jioni za mwezi wa Juni, mawingu yakitupisha, nyota iitwayo Alfa Centauri huonekana waziwazi upande wa kusini. Jirani yake Proxima, isiyoonekana kwa macho matupu, iko umbali wa miaka 4.2 ya nuru (yaani nuru yake husafiri miaka 4.2 hadi kutufikia), na mwaka 2016 wanafalaki walitangaza kwamba inazungukwa na sayari ambayo huenda uzito wake unakaribiana na wa dunia yetu, tena katika umbali unaoweza kuruhusu maji kutiririka, ijapokuwa milipuko mikali ya nyota hiyo huenda imekwisha kuipokonya sayari hewa yake. Tangu Michel Mayor na Didier Queloz walipoigundua sayari ya nyota 51 Pegasi mwaka 1995, zimethibitishwa sayari zaidi ya 5,000 nje ya mfumo wa jua letu. Uhai haujaonekana katika hata moja.

Wapo wazee wetu wa barazani wanaohofu kwamba kuuliza habari za viumbe wengine ni kuingilia mambo ya Mola. Sioni hivyo hata kidogo. Aya ya 29 ya Sura ya Ash-Shura inazitaja mbingu na ardhi pamoja na viumbe ambavyo Mwenyezi Mungu amevieneza humo, na kila anayesali humtaja Mola wa walimwengu wote katika kila rakaa. Kuuliza ni halali. Ninalolitilia shaka ni kuita.

Na kuita kumekwisha kuanza. Mwaka 1974 mtambo wa Arecibo, Puerto Rico, ulipeleka ujumbe kwenye kishada cha nyota cha M13, kilicho umbali wa takriban miaka 25,000 ya nuru, na mtu aweza kusema kwamba huo ulikuwa ishara ya heshima tu, kwa maana jibu lake haliwezi kufika kabla ya miaka 50,000. Lakini mwaka 2017 ujumbe mwingine ulirushwa kutoka Tromsø, Norwe, kwenda kwenye nyota ya Luyten, iliyo umbali wa miaka 12 hivi ya nuru. Ujumbe huo utafika huko karibu na mwaka 2030, na kama yupo wa kujibu, jibu laweza kutufikia watoto wetu wa leo wakiwa watu wazima.

Linaloniuma zaidi ni suala la uwakilishi. Vyombo viwili vya angani vya Voyager, vilivyorushwa na Marekani mwaka 1977, vilibeba sahani za sauti zenye salamu katika lugha 55. Ndani yake mna Kisumeri na Kiakadi, lugha ambazo hazina tena mtu anayezizungumza nyumbani, lakini Kiswahili hakimo. Simlaumu mtu kwa hilo, maana kazi ile ilifanywa kwa haraka na kwa nia njema, ila inaonyesha jinsi wachache, hata wakiwa wema, wanavyoweza kusema kwa jina la wote na kuwasahau mamilioni.

Pwani hii inaijua gharama ya jambo la namna hiyo. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipokosa urafiki Mombasa, alipokewa vizuri Malindi, akapewa na rubani wa kumvusha hadi India. Mfalme wa Malindi aliamua kwa maslahi ya mji wake, na huenda kwa wakati ule uamuzi ulikuwa wa busara. Lakini mwaka 1505 majeshi ya Mreno mwenzake, Francisco de Almeida, yaliiteka Kilwa na kuichoma moto Mombasa. Sisemi kwamba viumbe wa mbali watakuwa kama Wareno, kwa sababu hakuna ajuaye tabia zao. Nasema kwamba mlango uliofunguliwa na mmoja uliingiza wageni kwa wote.

Zipo hoja mbili dhidi yangu. Ya kwanza husema kwamba matangazo yetu ya redio na televisheni yamekuwa yakivuja angani kwa miongo mingi, hivyo siri haipo tena. Nionavyo, hoja hii ni dhaifu, kwa kuwa mawimbi hayo husambaa na kunyong'onyea, ilhali ujumbe uliokusudiwa hukusanywa na kuelekezwa kwenye nyota moja. Ya pili ni nzito: ikiwa kila mwenye akili angani anasikiliza tu, nani atasema? Nakiri kwamba sina jibu la kuimaliza. Lakini usikilizaji wenyewe ni mchanga mno. Mwanafalaki wa Marekani Frank Drake aliuanza mwaka 1960 kwa nyota mbili tu, na leo Afrika ina MeerKAT, darubini ya redio yenye madishi 64 huko Karoo, Afrika Kusini, ambayo imeanza kutumika pia katika kazi hiyo. Tusikilize kwanza kwa bidii, na suala la kusema lipelekwe mbele ya Umoja wa Mataifa, ambao tayari una kamati ya matumizi ya amani ya anga za juu.

Wanaounga mkono kutuma sasa, naomba mnieleze: jibu likija kutoka nyota ya Luyten, nani atakuwa na mamlaka ya kulijibu? Na wanaotaka kutuma kupigwe marufuku kabisa, mtamzuiaje tajiri mmoja mwenye mtambo wake mwenyewe?