Kabonatiti za Tororo na Fort Portal: mbona umri wake haufanani?

Mwalimu wa Tororo
Habari zenu, ndugu. Nafundisha jiografia sekondari, na kutoka darasani tunauona Mwamba wa Tororo, mita 1,483 juu ya usawa wa bahari. Wanafunzi wanajua ni mabaki ya shina la volkeno iliyoliwa na mvua, na kwamba jiwe lake ni la chokaa, kabonatiti, yaani jiwe la volkeno lililojaa kaboneti kama chokaa. Tulisaga kipande, tukakikamulia ndimu, kikatoa povu. Sasa binti mmoja kaniuliza: na ile lava ya chokaa ya Fort Portal, je, ilitoka wakati mmoja na hii yetu? Vitabu vya shule vinasema Bonde la Ufa, basi. Jibu hilo halimtoshi, wala mimi halinitoshi.

Jiwe la Sukulu
Mwalimu, mpongeze binti huyo. Nimefanya kazi ya kutafuta madini miaka mingi na swali hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote.

Hazikutoka pamoja hata kidogo. Tororo na jirani zake Sukulu na Bukusu zina umri wa miaka kati ya milioni 30 na 40 hivi. Napak ya Karamoja ni kama milioni 20. Fort Portal ni ya juzi tu, haijafikisha miaka 50,000.

Sasa tandaza ramani ya Afrika. Oldoinyo Lengai, Tanzania, ndiyo volkeno pekee duniani inayotapika kabonatiti leo. Lava yake hutoka nyeusi, ina joto la nyuzi 500 hadi 600 tu, na ikipata unyevu hugeuka nyeupe. Panda Hill, Mbeya: umri wake zaidi ya miaka milioni 100. Kisiwa cha Chilwa, Malawi: milioni 130 hivi. Ngualla, Tanzania hiyo hiyo: kama bilioni moja. Phalaborwa, Afrika Kusini: bilioni 2 na ushei. Phalaborwa ilipokuwa ikipoa, Bonde la Ufa halikuwepo.

Kwa hiyo usiwafundishe kutafuta mstari wa umri, maana haupo. Watafute mahali. Nyingi ziko pembeni mwa kratoni, yaani yale mapande ya bara ya kale sana yasiyopasuka kirahisi. Chini yake kuna tabaka nene lililonasa kaboni dioksidi tangu enzi hizo. Bara likivutwa kidogo, au joto likipanda kidogo, huyeyuka sehemu ndogo mno, ile yenye kaboni nyingi, na ndiyo inayopanda juu. Ikiyeyuka nyingi unapata basalti, ile lava nyeusi ya kawaida. Shati huchanikia kwenye mshono, na Afrika imevutwa zaidi ya mara moja: Chilwa na Panda Hill ni za zama Gondwana, lile bara kuu la kale, ilipokuwa ikivunjika, zetu ni za mvuto huu wa sasa.

Mtooro
Mimi niko Fort Portal. Lava yetu ina vitundu vidogo vidogo, na ndimu inaitoa povu vilevile. Lakini mzee, chokaa unaipimaje umri?

Jiwe la Sukulu
Chokaa yenyewe haisaidii sana, ndugu yangu. Unatafuta fuwele zilizomo ndani: zirkoni, ambamo urani hugeuka risasi, au maika, yale madini ya vigamba vinavyong'aa, ambamo potasiamu hugeuka gesi ya agoni. Arthur Holmes, Mwingereza aliyepima miamba kwa urani na risasi mwaka 1911, ndiye huyo huyo aliyekuja kuzieleza lava zenu za ajabu za magharibi, zile katungiti, mafuriti na uganditi. Hilo wanafunzi wa Uganda wanapaswa kulijua.

Dereva wa Malaba
Na almasi je? Napita Shinyanga mara kwa mara.

Jiwe la Sukulu
Hizo ziko kwenye kimberliti, miamba ya volkeno inayozipandisha kutoka chini sana, ambazo hupenda katikati ya kratoni kuliko pembeni. Ile ya Mwadui, huko huko Shinyanga, iligunduliwa mwaka 1940 na John Williamson. Nazo umri wake umetawanyika: Cullinan, Afrika Kusini, ni zaidi ya miaka bilioni moja, Kimberley yenyewe, huko huko, kama milioni 90, na vilima vya Igwisi, Tanzania, miaka 12,000 hivi.

Mwalimu wa Tororo
Asante sana, mzee. Nitawachorea ramani, kila jiwe na umri wake. Je, kuna kitu cha kuwashikisha mkononi zaidi ya jiwe la mlima wetu?

Jiwe la Sukulu
Wapeleke Sukulu, mwombe ruhusa kwanza. Beba sumaku, ipitishe juu ya ule udongo mwekundu: itajaa chembe nyeusi za magnetiti, madini ya chuma. Udongo uo huo una apatiti, ile ya mbolea ya fosfati.

Mwalimu wa Tororo
Sumaku za maabara ninazo. Naandika barua ya ruhusa leo.