Bunduki ya mtumba ya klei (sahani za udongo zinazorushwa hewani), na barua iliyonirudisha nyumbani mara ya tatu

Baba Neema, Najjera

Wadau habari za jioni. Nimetoka ofisi ya kibali cha bunduki hapa Uganda saa hii na nimechoka kabisa. Hii ni mara ya tatu. Mara ya kwanza nilikosa picha, mara ya pili wakasema mhuri umefifia, leo nimeenda na kila kitu, barua ya LC1 (mwenyekiti wa kijiji), barua ya DPC (mkuu wa polisi wa wilaya), kopi ya pasipoti, Klasi G yangu, kibali cha kazi, ambayo bado ina miezi saba, na gudi kondakti, cheti cha tabia njema, ya nyumbani niliyoitoa eCitizen, mtandao wa serikali ya Kenya. Afande wa dirishani akafungua faili, akatazama ukurasa wa kwanza tu, akauliza NIN, namba ya kitambulisho cha taifa, iko wapi. Nikamwambia mimi Mkenya. Akasema basi leta na gudi kondakti ya Interpol ya hapa, halafu LC1 aandike upya kwa sababu ameandika mimi ni mkazi lakini hajasema nimekaa muda gani. Miaka sita nimekaa!

Shida ni kwamba muuzaji ananingoja. Ni mzee anarudi kwao Uingereza mwisho wa mwezi, ana shotgani mbili za juu-chini (mtutu mmoja juu ya mwingine), Beretta 682 ya mtutu wa inchi 30 na Miroku MK38 ya inchi 32, zote kalibari 12, anataka nichague moja. Mimi napiga trapu zaidi (sahani zinazopanda zikienda mbali nawe), spotingi kidogo (sahani za kila upande). Sasa maswali ni mawili. Kuna yeyote hapa aliyepata kibali bila NIN, kwa Klasi G peke yake? Na kati ya hizo mbili ungechukua ipi?

Mjomba Hamisi, Entebbe

Pole sana mwanangu. Kwangu LC1 hakunipa taabu hata kidogo, tulikaa barazani kwake tukala matooke na mchuzi wa karanga, barua akaiandika pale pale, kwa hiyo nashangaa wako. Labda ulienda na haraka. Nenda jioni, msalimie, kaa kidogo. Kuhusu bunduki chukua Beretta, hao watu wanatengeneza mitutu tangu 1526.

Mama Shani, Ntinda

Mjomba shikamoo, lakini 1526 haimsaidii Baba Neema, yeye ananunua bunduki moja iliyopigwa na mtu mmoja kwa miaka mingi, hiyo ndiyo ya kukaguliwa. Nasema kwa uchungu kwa sababu bunduki yangu ya kwanza niliinunua kwa jina. Kitako kilikuwa kirefu kwangu, kila nikiinua kinanasa kwenye kwapa, bega likawa jeusi, nikawa napiga nyuma ya sahani msimu mzima nikidhani macho yangu ndiyo mabovu. Nilipokatiwa kitako nikaanza kupata.

Kwa hiyo Baba Neema kabla hujauliza ipi, zishike zote mbili. Hakikisha hazina risasi, angalia mara mbili. Funga macho, inua mpaka begani na shavuni kama unavyoinua uwanjani, kisha fungua macho. Jicho liwe limetua katikati ya reli, ule ukanda wa juu ya mtutu, bila wewe kusogeza shingo. Kama unalazimika kubonyeza shavu au kunyoosha kichwa hiyo sio yako.

Ikikaa vizuri ndio ukague. Toa kile kipande cha mbao cha mbele, shika bunduki ikiwa imefungwa, itikise. Ukisikia inacheza ujue bawaba zimelika, na usikubali kuitikisa na kile kipande kikiwa mahali pake maana kinaficha ulegevu. Angalia na ile komeo ya juu ya kufungulia bunduki. Kwenye bunduki mpya ukiifunga inasimama upande wa kulia kidogo, kadiri inavyochoka inasogea katikati, ikivuka kwenda kushoto muulize mzee imepiga risasi ngapi. Halafu toa mitutu, tazama mwanga ndani, utaona mashimo ya kutu na mibonyeo kama kivuli. Mwisho ning'iniza mitutu kwa kidole uigonge na kitu cha mbao. Ikilia kama kengele reli zimeshika, ikitoa sauti ya sufuria iliyopasuka, iache. Ejekta, zile zinazorusha maganda, zijaribu kwa risasi bandia, zote mbili zirushe kwa pamoja.

Juma, Jinja

Dada Mama Shani umesema vizuri lakini umeruka kitu kikubwa. Hizo ni bunduki za trapu au za spotingi? Maana 682 zilitoka za kila aina. Ya trapu kitako kiko juu, inapiga juu kidogo makusudi kwa sababu sahani ya trapu inapanda, wewe unaiona juu ya mtutu na bado unaivunja. Ukienda nayo kwenye spotingi ambako sahani nyingine inashuka na nyingine inaviringika chini kama sungura, utapita juu yake siku nzima. Na choki, yaani kubana kwa mdomo wa mtutu, nyingi za trapu zimekazwa tu, robo tatu na ful, huwezi kubadilisha. Baba Neema usilipe kabla hujasoma choki.

Pia hii habari ya bawaba. Kwa Beretta zile pini za pembeni zinatolewa na kuwekwa nene zaidi, fundi anamaliza. Miroku ina pini ndefu inayopita chini ya mitutu, inadumu sana lakini ikilika kazi ni kubwa na bei ni kubwa. Ni watu wale wale wanaotengeneza Browning nyingi, huko Kochi Japani, kwa hiyo mtu asikwambie Miroku ni ya bei nafuu ukadhani ni mbaya.

Mama Shani, Ntinda

Sikuruka, alisema mwenyewe anapiga trapu zaidi. Soma juu.

Juma, Jinja

Alisema na spotingi kidogo. Nimesoma.

Mzee wa Bugolobi

Vijana mnajisumbua. Nunua nyumbani Nairobi, kule maduka yapo na mafundi wapo, panda basi la usiku, Busia sasa ni jengo moja, kitambulisho tu na umevuka.

Juma, Jinja

Mzee wangu kwa heshima zote, tafadhali usimwambie mtu hivyo. Kitambulisho kinakuvusha wewe, hakivushi bunduki. Inataka kibali cha kutoka kule na cha kuingia huku kabla hujafika mpakani, bila hivyo unalala ndani, na Sheria ya Silaha ya hapa ya 1970 haina habari kama wewe unapiga sahani au unaiba benki. Watu wanasoma hapa wanaamini.

Mzee wa Bugolobi

Sawa, sikumaanisha bila karatasi. Lakini hata kule hakuna raha. Desemba 2018 tuliambiwa wenye leseni wote tukakaguliwe upya, nilisafiri kutoka hapa mpaka Nairobi kupanga foleni na watu wenye mvi kama mimi. Na huku mwaka huo huo baada ya mheshimiwa Abiriga, mbunge, kuuawa mwezi wa sita, Rais akaagiza kila bunduki ichukuliwe alama. Nawaelewa wakiwa wakali. Sisi wa sahani ndio tunaumia katikati.

Mjomba Hamisi, Entebbe

Na lugha je? Baraza la mawaziri lilipitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi Julai 2022, lakini ukienda dirishani ukasema "shikamoo afande" wanakutazama kama umekuja kukamata mtu. Kwa wazee wa hapa Kiswahili ni cha kambini, walikisikia kwa askari miaka ya Amin, siwalaumu. Ila siku nyingine natamani tu kusikia mtu ananijibu marahaba. Tanga saa hizi watu wako barazani na kahawa.

Mama Shani, Ntinda

Mjomba umenigusa. Baba yangu alikuwa na shotgani ya mtutu mmoja kule kwetu Meru ya Arusha, ya kanga wanaoharibu mahindi. Alitufundisha tuihesabu kuwa ina risasi hata ikiwa imekunjwa. Kila nikiokota maganda uwanjani ile harufu inanirudisha kwake.

Baba Neema, Najjera

Asanteni wote. Nimeenda leo kwa mzee nikafanya kama Mama Shani alivyosema. Beretta ilikaa shavuni vizuri lakini komeo imevuka katikati na ukiitikisa inagonga, na choki zimekazwa, robo tatu na ful, Juma ulikuwa sahihi. Miroku imefunga kama kabati la benki, mitutu inalia safi, choki ni za kubadilisha, ila ni ndefu kwangu, kitako kinataka kupunguzwa kama sentimita moja na nusu. Mzee amekubali ikae kwake mpaka karatasi zitoke, mimi siigusi kabla ya hapo. LC1 ameenda mazishi Masaka, anarudi Jumatatu.

Lakini bado sijajibiwa ile ya NIN. Kuna aliyepata kwa Klasi G?

Juma, Jinja

Usikate kitako kabla hujaipiga angalau raundi nne, mbao haiongezeki. Na anza na risasi za gramu 24, hiyo ndiyo ya mashindano ya kimataifa, bega litakushukuru.

Mama Shani, Ntinda

Baba Neema ukienda Interpol Jumatatu nistue, mimi pia nina cheti kinachoisha, tugawane teksi. Na hivi, dependanti pasi (kibali cha mtegemezi) ya mtoto siku hizi inataka barua ya shule au haitaki?