Naomba ushauri: kisiwa cha Elephantine, Aswan, nianzie wapi?

Wakuu habari zenu. Mwezi ujao naenda Misri kikazi, na nimebahatika kupata siku moja ya mapumziko Aswan. Nataka niimalize yote Elephantine, kile kisiwa cha katikati ya Mto Nile kilichokuwa ngome ya mpaka wa kusini. Ngome ya kwanza ilijengwa miaka kama 3000 KK, na kuta zake zikaubana uwanja wa hekalu dogo la mungu wa kike Satet. Jeshi lilikuja, waumini wakasogea!

Ila kinachonivuta zaidi ni wale askari Wayahudi waliolinda hapo enzi za Waajemi, karne ya 5 KK. Walikuwa na hekalu lao la Yaho (ndivyo walivyomwita Mungu wao), likabomolewa mwaka 410 KK. Barua yao ya mwaka 407 KK ya kuomba lijengwe upya ipo hadi leo. Upo pia mkataba wa ndoa wa mwaka 449 KK, wa Anania, mtumishi wa hekalu hilo, na Tamet, mjakazi wa Kimisri.

Sasa, waliofika naomba mnisaidie. Mabaki ya mtaa wa hao askari yanaonekana kwa macho, au bila mwongozaji nitaishia kutazama vifusi tu? Nikodi mashua au kivuko cha wenyeji kinatosha? Na jua la mchana linavumilika, au nidamke alfajiri?

Natanguliza shukrani.